Bariyeri inahesabu magunia. Nani anatuhesabu sisi?

Vijana wenzetu, wazazi wetu, nanyi wakubwa mnaotuongoza,

Wale kati yetu waliosoma chuo kikuu hapa Kindu, na nyumbani kwao ni Kalima au mbele zaidi, njia hii wanaijua kwa kichwa. Mitihani ikiisha unavuka mto mpaka Alunguli, unauliza gari la Kalima. Wanakuonyesha kamyo. Chini wamepanga sementi, chumvi na sabuni. Juu ya magunia kuna madumu. Juu ya madumu tuko sisi: mama na mtoto mgongoni, mzee na kuku wake wawili, mwanafunzi na valizi yake, binti anayepeleka dawa kwa bibi yake. Kitu cha kushikilia ni kamba ya turubai. "Panda tu, ndugu, nafasi iko!" Nafasi haikosekanaka juu ya kamyo.

Safari moja tulikuwa wenzetu watatu juu ya kamyo ya namna hiyo. Tulipofika kwenye bariyeri, afisa mmoja alizunguka gari, akaomba karatasi za mizigo, akahesabu magunia kwa kidole, akaandika. Juu tulikuwa watu thelathini na mmoja; tulijihesabu wenyewe tukiwa tunangoja. Hakuinua macho hata mara moja. Mmoja wetu akamwuliza kwa heshima: "Mukubwa, na sisi hautuhesabu?" Afisa akacheka. "Ninyi hamuko muzigo," akasema. "Na hii gari, karatasi yake inasema ni ya mizigo."

Jibu lile tumelifikiria sana. Tulipoanza kulitaja kwa wenzetu walicheka nao, lakini ukilitazama vizuri halichekeshi. Afisa yule alisema kweli. Kwa karatasi, sisi hatukuwa mizigo kwa sababu ni watu. Na hatukuwa abiria kwa sababu gari halikuandikwa kwamba linabeba abiria. Basi tulikuwa nani? Tulilipa nauli, tuliketi, tulisafiri, tulifika tukiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Lakini mbele ya Leta, safari ile watu hawakuwepo.

Ndiyo maana leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wataona ni dogo na kavu: jina ambalo sheria inalipa gari, na mwendo ambao gari la jina hilo linaruhusiwa kwenda. Wengine watatuambia: "Ninyi vijana, njia hakuna, kazi hakuna, stima hakuna, na ninyi mnazungumzia kategoria za magari?" Ndiyo, tunazizungumzia. Maana jina la gari ndilo linaloamua kama wewe uliye juu yake ni mtu.

Sheria inasema nini

Nchi yetu haikosi sheria. Kongo iliingia katika Mkataba wa Vienna juu ya mwendo wa magari barabarani mwaka 1977, wakati ikiitwa Zaire. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, ikatoka Sheria namba 78-022, ile tunayoiita Kode ya barabara. Wengi kati yetu tulizaliwa zaidi ya miaka ishirini baada yake. Tuliikuta tayari, kama vile tulivyoukuta mto.

Mkataba wa Vienna unayapanga magari kwa njia rahisi ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuielewa. Unauliza maswali mawili: gari linabeba watu au vitu? Na ni wangapi, au uzito gani? Permi ya B ni ya gari ndogo: uzito wake na mzigo wake usipite kilo 3.500, na viti visipite 8, bila kuhesabu kiti cha dereva. Ukipita viti 8, umetoka kwenye gari ndogo. Umeingia kategoria ya D, ile ya magari ya kubeba watu wengi. Kategoria ya C ni ya kamyo, yaani ya mizigo. Mabadiliko ya mkataba huo yaliyoanza kutumika mwaka 2011 yaliongeza ngazi ya katikati, D1, ya gari lenye viti visivyopita 16 mbali na dereva. Hiyo ndiyo minibisi kabisa.

Sasa chukua ile Hiace inayosimama karibu na soko. Ina viti kumi na vinne, na siku ya soko inabeba watu ishirini. Kwa hesabu ya Vienna ile siyo "teksi". Ni gari la kategoria ya D, na anayeiendesha anapaswa kuwa na permi ya kubeba watu wengi, iliyo ngumu zaidi kupata kwa sababu mikononi mwake kuna roho nyingi zaidi. Muulize shofa ana permi gani. Muulize kwa upole, yeye pia anatafuta maisha. Mara nyingi utakuta ni ile ya gari ndogo, au ni kipande cha karatasi kinachongoja permi, au ni tabasamu.

Na kamyo ya Kalima? Kamyo ni C. C haina abiria. Kwa hiyo watu thelathini na mmoja wanapopanda juu yake, hawavunji tu kanuni ya viti, wanatoka kabisa nje ya kitabu. Hakuna idadi ya juu ya watu, kwa sababu idadi halali ni sifuri. Na tunajua sote jinsi sifuri inavyofanyaka kazi kwetu: kitu kikikatazwa chote na kikafanyika kila siku, basi hakina mpaka tena. Thelathini na mmoja ni sawa na sitini.

Wanapotoza wanalijua gari, linapoanguka hawalijui

Mtu asituambie kwamba Leta haiwezi kutofautisha magari. Inaweza sana. Ushuru wa njia unapangwa kwa aina ya gari: pikipiki hailipi kama jipu, jipu hailipi kama kamyo. Mwaka 2008 nchi iliunda hata mfuko maalum wa kutunza barabara, FONER, na magari yanachangia. Kwa hiyo siku ya kulipa, kila gari lina jina na bei yake, na hakuna anayekosea.

Siku ya kuanguka ndipo majina yanapotea. Mwenzetu mmoja, aliyesomea sheria, alianguka kutoka juu ya kamyo kwenye kona. Gari halikupinduka, liliyumba tu, kamba ikakatika. Alivunjika nyonga. Leo anatembea na fimbo akiwa na miaka ishirini na sita. Familia ilipokwenda kwa mwenye gari, aliwapokea vizuri, akawapa maji ya kunywa, kisha akasema: "Mimi sikumbeba mtoto wenu. Gari langu ni la mizigo. Muulizeni shofa." Shofa akasema: "Alipanda mwenyewe." Na bima? Bima ya gari inaandikwa kulingana na kazi ya gari. Karatasi ikisema mizigo, mtu aliyeanguka kutoka juu ya mizigo anaanza safari nyingine, ndefu kuliko ya Kalima, ya kuthibitisha kwamba alikuwapo. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua soko la bima ambalo zamani lilikuwa la SONAS peke yake. Makampuni yameongezeka. Lakini hata yangekuwa mia, hakuna kampuni itakayolipa kwa hiari abiria ambaye karatasi haimjui.

Mwenzetu huyo alisoma miaka mitano ili ajue sheria. Sheria yenyewe haikumjua yeye.

Mwendo: "Mashimo ndiyo yanatupunguza"

Tunapozungumza juu ya mwendo, watu wanacheka zaidi. "Kikomo cha mwendo kwenye njia ya Maniema? Nani anafika hata 40?" Ni kweli, wakati wa mvua kamyo inaweza kulala matopeni siku tatu. Lakini tufikiri pamoja.

Kwanza, njia zetu haziko mbovu mahali pote. Mashine ya kusawazisha ikipita, kipande cha kilomita kadhaa kinakuwa kizuri. Hapo shofa aliyepoteza saa sita kwenye tope anataka kuzirudisha zote kwa mara moja. Gari lilelile lililokuwa linatambaa sasa linaruka, huku watu wakiwa juu. Vifo vingi tunavyovisikia havitokei kwenye shimo. Vinatokea baada ya shimo.

Pili, mwendo siyo namba ya kwenye dashibodi tu. Gari likienda 60 kwa saa, linapita karibu mita 17 katika sekunde moja, kabla mguu wa shofa haujagusa breki. Likienda 40, ni mita 11. Na nguvu ya kugonga haipandi sawasawa na mwendo: ukitoka 40 ukaenda 80, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu ya kugonga imeongezeka mara nne. Huhitaji diploma kulielewa hili. Muulize mtu yeyote aliyegongwa na pikipiki.

Tatu, kamyo iliyopakiwa watu juu siyo kamyo tena. Aliyeitengeneza aliweka uzito chini. Sisi tumeuweka juu, tena uzito unaojisogeza, unaosinzia, unaoegemea upande mmoja wakati wa kona. Gari la namna hiyo linaweza kupinduka kwa mwendo ambao kamyo ya sementi peke yake ingepita bila shida. Kwa hiyo kusema "hatuendi mbio" haitoshi. Swali ni: mbio kwa gari la namna gani, lililobeba nini, kwenye njia gani? Mkataba wa Vienna unalisema hili katika kifungu cha 13: dereva lazima aupatanishe mwendo wake na hali ya njia, hali ya gari, mzigo, hewa na umbali anaoweza kuona. Kikomo cha mwendo bila jina la gari ni nusu ya sheria. Jina la gari bila kikomo ni nusu nyingine. Sisi hapa tunakosa zote mbili.

Na kwa nini jambo hili ni la vijana? Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1,19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kuliko ugonjwa wowote. Tumekulia katika jimbo ambalo tumehofia bunduki na malaria. Kamyo hatukuihofia, kwa sababu ndiyo iliyotupeleka nyumbani.

Wengine walifanyaje

Tusidhani Kongo ni nchi ya pekee iliyolaaniwa. Majirani zetu walikuwa na fujo ileile.

Kenya, matatu zilikuwa zinajaza watu mpaka wananing'inia mlangoni. Mwaka 2003 waziri wa uchukuzi John Michuki alitoa kanuni, zikaanza kutumika Februari 2004. Matatu ikafafanuliwa: idadi ya abiria isiyopita 14 kwa gari dogo, mkanda kwa kila kiti, mstari wa manjano ubavuni wenye jina la njia, na kifaa cha kuzuia mwendo usipite 80. Siku za kwanza magari mengi hayakutoka, watu walitembea kwa miguu, wakalalamika. Baadaye wenye magari walifuata. Ni kweli pia kwamba baada ya miaka wengi walivichezea vile vifaa na fujo ikarudi kwa sehemu. Hilo nalo ni somo: kanuni bila anayeifuatilia inazeeka haraka. Lakini hata leo kila Mkenya anajua matatu ndogo inabeba watu wangapi. Abiria wa kumi na tano anajua kwamba amezidi.

Rwanda, mwaka 2015, waliamuru magari ya kubeba abiria yawe na kifaa kinachozuia mwendo usipite 60 kwa saa. Watu wa Goma na Bukavu wanaovuka kwenda Kigali wanaijua ile bisi inayopanda milima bila haraka. Wanaikasirikia, lakini wanafika.

Tanzania, sheria yao inaweka 50 ndani ya miji na vijiji vyenye alama, na gari la abiria au la biashara lenye uzito unaopita kilo 3.500 haliruhusiwi kupita 80. Angalia tena: uzito wa gari, kazi ya gari, mwendo wa gari. Mambo matatu katika sentensi moja.

Na hapa kwetu, Kinshasa ilikuwa na Mercedes 207. Zilikuwa gari za mizigo. Watu walizitoboa madirisha, wakapanga mabenchi ya mbao ndani, wakabeba raia. Wakaaji wa Kinshasa wenyewe wakazipa jina: "Esprit de mort", yaani roho ya kifo. Raia walitoa jina kabla ya sheria. Serikali ilipoanza kuleta bisi mpya kuanzia mwaka 2013 na Transco, na baadaye zile zilizoitwa "Esprit de vie", ilikuwa inakiri kwamba gari la mizigo lililojaa watu siyo usafiri, ni bahati nasibu. Kama jambo hilo lilifahamika kwenye mji mkuu, haliwezi kuwa siri kwenye njia ya Kalima, ya Kasongo au ya Punia.

"Mkikataza kamyo, mama atapitaje?"

Hili ndilo swali gumu, na hatutalikimbia. Mama anayetoa mchele kijijini kuuleta Kindu hana bisi. Akikatazwa kupanda kamyo kesho asubuhi, mchele utaozea nyumbani na watoto watarudishwa shuleni. Mwalimu hatafika kazini, mgonjwa hatafika hospitalini. Kukataza tu, bila kitu kingine, ni kuwapa watu wa bariyeri sababu mpya ya kuomba kitu kidogo. Tumeona makatazo mengi. Yote yanaishia kuwa bei.

Tena tusimgeuze shofa kuwa adui. Shofa wengi wana umri wetu, baadhi yao tulikaa nao benchi moja. Jioni bosi anangoja pesa yake, gari liwe limefanya kazi au limelala kwenye tope. Kila mtu anayeongezwa juu ni franga za kutimiza hesabu ya bosi, na kila saa inayopotea inalipwa kwa mguu wa kulia. Ukiwa unalipwa kwa vichwa na kwa haraka, utajaza vichwa na utaharakisha. Ndiyo maana kanuni za Kenya zilitaka madereva wawe na mshahara. Waliona mbio zinaanzia wapi.

Kwa hiyo sisi hatusemi "kamyo ziishe leo". Tunasema: kinachobeba watu kwa pesa kiitwe gari la watu, hata kama kilizaliwa kamyo. Kikiitwa hivyo, kipewe masharti ya gari la watu. Asiyeweza masharti, abebe sementi.

Tunachodai

Kwa gavana wa jimbo, kwa Bunge la Jimbo, kwa divisheni ya uchukuzi na kwa meya wa mji wetu:

1. Itolewe orodha ya wazi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ya magari yanayoruhusiwa kubeba watu kwa pesa Maniema. Iwe na ngazi zinazoeleweka: pikipiki; gari ndogo lisilopita viti 8; minibisi ya viti 9 hadi 16; bisi kubwa; na gari la mchanganyiko, yaani kamyo inayobeba watu na mizigo mahali ambapo bisi haifiki.

2. Gari la mchanganyiko liwe na masharti yake: mabenchi yaliyofungwa kwenye bodi, vyuma vya kushikilia pembeni, watu watengwe na mizigo, mtu asikae juu ya gunia wala dumu. Idadi ya watu iandikwe, na mwenye gari awe na bima inayowataja abiria. Masharti haya yawe ya muda, mpaka bisi zipatikane, na muda huo utajwe.

3. Kila ngazi iwe na kikomo chake. Tunapendekeza 30 karibu na shule, soko, kanisa na msikiti; 40 kwa gari la mchanganyiko mahali popote; 60 kwa minibisi na bisi nje ya mji, hata njia ikiwa imesawazishwa. Wataalamu wakiwa na namba bora zaidi, watuonyeshe sababu na tutazikubali.

4. Idadi ya viti na kikomo cha mwendo viandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Siyo kwenye karatasi iliyofichwa ndani ya boksi la shofa. Mlangoni, ambapo mama anayepanda anaweza kusoma au kusomewa na mtoto wake.

5. Kabla ya gari kutoka, majina ya abiria yaandikwe, nakala moja ibaki mahali gari lilipoondokea. Hii haihitaji bajeti. Inahitaji daftari na biki. Mtu akifa njiani, familia isiambiwe "alipanda mwenyewe".

6. Kwenye bariyeri wahesabiwe watu. Kabla ya magunia.

Tutakachofanya sisi

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inasema binadamu ni mtakatifu na Leta ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 27 kinatupa haki ya kuandikia viongozi ombi, mmoja mmoja au kwa pamoja, nao wanapaswa kutujibu ndani ya miezi mitatu. Watu wachache wanakijua kifungu hicho. Sisi tunakijua, na tutakitumia.

Tunaandaa ombi lenye mambo haya sita. Tutazunguka nalo Kasuku, Mikelenge na Alunguli: sokoni, kwenye vivuko, mahali pa kupakia, milangoni mwa vyuo, kwa chama cha shofa na kwa wamama wa mchele. Hatutaki sahihi za marafiki zetu tu. Tunataka ya mwenye kamyo pia, kwa sababu gari likianguka na yeye anapoteza. Siku tutakapoliweka ofisini tutaomba muhuri wa kupokelewa, na kuanzia tarehe ya muhuri huo tutahesabu miezi mitatu kwenye ukurasa huu, wiki kwa wiki, mbele ya kila mtu.

Lakini kuna kazi ambayo hatuwezi kuwafanyia. Vijana wenzetu, tunajua mtapanda tena. Sisi pia tutapanda, kwa sababu nyumbani ni kule na gari ni lile. Basi ukipanda, jihesabuni. Andika idadi kwenye simu, andika namba ya plaki, mtumie mtu aliyebaki mjini. Shofa akizidisha mbio, msemeni wote pamoja, siyo mmoja. Sauti ya mmoja inaambiwa "kama hautaki, shuka", sauti ya watu thelathini inasikilizwa. Mama aliyekaa juu ya madumu, mpe nafasi akae chini. Na ukifika bariyeri, mwulize afisa kwa heshima, kama tulivyouliza sisi: "Mukubwa, na sisi hautuhesabu?"

Wengi kati yetu hatuna kazi. Tunaamka asubuhi, diploma iko ndani ya plastiki juu ya kabati, na siku ni ndefu. Kuna watu wanaofikiri kwamba kijana asiye na kazi hana kitu cha kupoteza, kwa hiyo anaweza kukaa popote, hata juu ya dumu la mafuta kwenye kona ya njia ya Kalima. Wamekosea. Mzazi aliyeuza shamba ili tusome anatungoja nyumbani, na anatuhesabu kila jioni bila karatasi yoyote.

Leta nayo ituhesabu.

Vijana wa Kindu, kwa ajili ya Kongo inayoheshimu watu wake.